Gujarat haisomeki ukiipa bahari kisogo

Muulize mtu wa Mombasa, Dar au Kampala Wahindi wetu walitoka wapi, na jibu litakuja bila kufikiri: waliletwa na Mwingereza kujenga reli. Jibu hilo limetuganda tangu shule ya msingi. Vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kuanzia 1896 kujenga reli ya Uganda walitoka zaidi Punjab, bara kabisa, na wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Yule mwenye duka la khanga Mtaa wa Biashara pale Mombasa, au mwenye duka la vipuri Kariakoo, kwa uwezekano mkubwa ukoo wake ni wa Gujarat, jimbo la pwani ya magharibi ya India. Na watu wa Gujarat walikuwa wakishuka pwani hii na kaskazi karne nyingi kabla reli haijafikiriwa. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" ni maneno ya watu waliokopeshana, wakadaiana na wakasengenyana kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo naona ajabu kwamba tunajua zaidi habari za Mfalme Henry wa Uingereza na wake zake kuliko historia ya jimbo hilo.

Kama jimbo, Gujarat ni changa. Ilizaliwa tarehe 1 Mei 1960, serikali ya India ilipoligawa jimbo la Bombay kwa misingi ya lugha, baada ya miaka ya maandamano. Wakati wa Waingereza hapakuwa na Gujarat moja. Rasi ya Kathiawar peke yake ilikuwa na vijifalme zaidi ya 200, vingine vidogo kuliko tarafa. Kutch ilikuwa na mtawala wake, Rao, na lugha yake ya Kikachi. Ahmedabad na Surat zilikuwa chini ya Waingereza moja kwa moja. Humo ndani kuna Mabaniani, Majaini, Mabohora, Makhoja, Waparsi waliokimbia kutoka Uajemi, Mapatel wakulima, wafugaji Warabari, Wabhil wa milimani, na Masidi wenye asili ya Afrika. Sensa ya 2011 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 60. Gandhi alizaliwa Porbandar, bandari ya jimbo hilo, na ukoo wa Jinnah, mwasisi wa Pakistan, ulitoka Kathiawar hiyo hiyo. Nchi mbili zilizotengana kwa damu, na waasisi wao wangeweza kugombana kwa Kigujarati.

Historia hii kwa kawaida husimuliwa kwa wafalme. Mahmud wa Ghazni anavamia hekalu la Somnath mwanzoni mwa karne ya 11. Ahmed Shah anajenga Ahmedabad 1411. Akbar anaiteka Gujarat 1573 na kuiunga na himaya yake. Yote ni kweli, na yote yanatazama nchi kavu, kama vile Gujarat ilikuwa ua wa nyuma wa Delhi. Mimi nasema isomwe kwa bandari zake, maana ndiko mali ilikoingilia, na ndiyo sababu wafalme hao waliitamani. Hata Sultani Bahadur Shah wa Gujarat alifia majini mbele ya kisiwa cha Diu mwaka 1537, mikononi mwa Wareno.

Bandari za kule zina tabia ya kufa. Mito inashusha tope, maji yanakupwa maili nyingi, na mji uliokuwa na majahazi ya kila taifa unabaki na wavuvi. Wa kwanza kujulikana sana ni Bharuch. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 unaeleza jinsi maji yalivyojaa pale kwa ghafla, hata ikabidi wavuvi wa mfalme watoke na mashua kuzipokea meli na kuziongoza. Mwongozo huo huo unasema vyombo vya huko vilileta ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na nguo za pamba hadi pwani ya Somalia, halafu unateremka kusini mpaka Rhapta, mji ambao wataalamu wanautafuta pwani ya Tanzania. Baada ya Bharuch ikang'aa Khambhat, nayo tope likaifunika. Ikafuata Surat, walikopandia mahujaji wa Makka, ambako Waingereza walipata ghala lao 1613. Nayo ikapokonywa biashara na Bombay.

Khambhat ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu ya shanga. Akiki, jiwe la kutengenezea shanga hizo, ilichimbwa vilima vya Ratanpur, ndani ya wilaya ya Bharuch. Mawe yalianikwa juani, yakachomwa polepole kwenye vyungu vilivyofukiwa kwa samadi mpaka rangi ya udongo ikageuka wekundu. Fundi alikaa chini, akaegemeza jiwe kwenye ncha ya chuma iliyochomekwa ardhini, akaligonga kwa nyundo yenye kichwa cha pembe ya mnyama hadi likapata umbo. Tundu lilitobolewa kwa keekee ya upinde yenye ncha ya almasi. Shanga hizo zimefukuliwa katika mji wa kale uitwao Shanga, kisiwani Pate, na Kilwa. Kilwa kumepatikana pia marumaru zilizochongwa na mafundi wa Khambhat.

Na huko juu ya kilima cha Ratanpur, palipo na machimbo, kuna dargah, yaani kaburi la kuzuriwa, ya Bava Gor, mtakatifu ambaye kwa masimulizi ya wenyeji alitoka Uhabeshi na ndiye aliyeanzisha kazi ya akiki. Walinzi wa kaburi ni Masidi. Wanaokwenda kuweka nadhiri ni Waislamu na Wahindu pamoja, na ngoma za Masidi zikilia pale Mswahili hahitaji mkalimani.

Masidi walifikaje? Wengine mabaharia, wengine askari, wengine watumwa. Sidi Saiyyed, Mhabeshi, alijenga msikiti Ahmedabad mwanzoni mwa miaka ya 1570, wenye dirisha la jiwe lililochongwa mti wenye matawi yaliyosokotana, na dirisha hilo leo ndilo alama ya mji mzima. Wahindi wengi wanaopiga picha mbele yake hawaulizi aliyelijengesha alitoka wapi. Lakini tusijidanganye kwamba kila Sidi alikuwa jemadari. Pwani yetu iliuza watu, na Wagujarati walikuwa miongoni mwa wanunuzi.

Hapa ndipo ninapogombana na historia tuliyofundishwa. Biashara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 husimuliwa kwa Mwarabu peke yake, kanzu na jambia. Aliyekaa nyuma ya daftari hatajwi. Tippu Tip aliingia bara na mali ya mkopo, na mmoja wa waliomkopesha ni Tharia Topan, Khoja wa Kutch, ambaye jengo lake la zahanati bado linapendeza ufukweni Unguja. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi wa Zanzibar waliokuwa chini ya himaya ya Waingereza kuwaachia watumwa wao. Isingekuwa amri hiyo, pengine hata leo tungeambiwa hawakuwahi kuwa nao. Sisemi haya kumchochea mtu dhidi ya jirani yake wa dukani, ambaye babu yake huenda alifika baadaye sana, akikimbia ile njaa kubwa ya 1899 na 1900 wanayoiita Chhappaniyo, akiwa na bahasha ya anwani ya mjomba na basi. Nasema hesabu ikipigwa, ipigwe yote.

Kule kwenyewe nako hesabu haipigwi yote. Serikali inajenga jumba kubwa la urithi wa baharini Lothal, penye magofu ya miaka zaidi ya 4,000 na birika ambalo wengi wanaamini lilikuwa gati. Ni jambo zuri. Lakini ile Gujarat ya bahari iliyokuja katikati, ya Waislamu wa Khambhat na Mabohora wa Surat, haipewi sauti kama hiyo. Mwaka 2002 watu zaidi ya 1,000, wengi wao Waislamu, waliuawa katika machafuko yaliyofuata kuchomwa kwa behewa la treni Godhra, ambako walikufa watu 59, mahujaji wa Kihindu na wenzao. Mwaka 2022 kurasa zinazoeleza machafuko hayo ziliondolewa kwenye kitabu cha kiada cha darasa la 12. Jimbo lililotajirika kwa kuuza kwa kila mtu sasa linaona taabu kukumbuka kwamba kila mtu alikuwa pale.

Halafu kuna Mundra. Ni mji wa pwani ya Kutch, na huko ndiko ilikotoka kampuni ya Jairam Shivji, Baniani wa kabila la Bhatia, iliyoshika forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kampuni inamlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, yenyewe inakusanya ushuru, na kinachozidi ni chake. Leo Mundra ina bandari kubwa kuliko zote za binafsi India, mali ya kampuni ya Adani. Mei 2024 kampuni hiyo ilitia saini mkataba wa miaka 30 na Mamlaka ya Bandari Tanzania kuendesha gati namba 8 hadi 11 za makontena, bandari ya Dar es Salaam.

Mjadala wa kuipa DP World, kampuni ya Dubai, sehemu ya bandari hiyo hiyo mwaka mmoja kabla ulitikisa nchi. Huu haukupata hata robo ya kelele zile, na sikusikia mtu akitaja Mundra. Mkataba wa leo si wa Jairam. Kuna Bunge, kuna Mkaguzi Mkuu, kuna mahakama. Hata hivyo, ningependa walau mtu mmoja kwenye zile kamati afungue jalada la zamani aone yaliyompata mwenye bandari. Sultani Majid alipofariki mwaka 1870, hazina yake ilikuwa inadaiwa fedha nyingi na kampuni ile ile iliyokuwa ikimkusanyia ushuru, na nduguye Barghash alirithi kiti pamoja na deni.