Afande, Jipu na Tarakimu 20

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya WhatsApp, nisikilizeni na mimi. Jamaa wa boda pale steji ya kliniki anasema daktari aliona usaha akazimia. Sikuzimia. Kilichozimika ni umeme. Na Afande hakulia. Hilo nimeamriwa niliandike mapema, ndilo sharti alilonipa mwenye jipu nilipomwomba ruhusa ya kusimulia.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua nilivyoaga serikalini. Mama bado hajanisamehe. Mshahara wa daktari wa serikali hapa Uganda ulipandishwa 2022 ukafika shilingi milioni 5 kwa mwezi, na mimi ndipo nikaona wakati umewadia wa kufungua kliniki yangu hapa Bombo: chumba cha mbele mapokezi, cha kati maabara, cha nyuma kisicho na dirisha nikakiita upasuaji mdogo. Leseni ya Baraza la Madaktari ninayo, kila mwaka nailipia. Ya kliniki iko ukutani kwenye fremu, na ya biashara iko chini yake. Mkaguzi alipokuja aliuliza sindano zilizotumika zinatupwa wapi, akauliza choo, maji ya kunawa, rejista ya wagonjwa. Yote yalikuwepo, nikatembea kifua mbele. Hakuuliza Yaka, ule umeme wetu wa kulipia kabla, ananunua nani.

Kliniki yangu na saluni ya jirani tuko kwenye mita moja, na kile kidude cha kuingizia tokeni, zile namba unazopewa ukinunua umeme, kiko saluni, nyuma ya kioo. Mimi nasema draya zake ndizo zinazomaliza yuniti. Mama Saluni anasema ni lile sufuria langu la kuchemshia vyuma. Tulikubaliana kununua kwa zamu, na mpaka naandika hapa kila mmoja anaapa kwamba zamu ilikuwa ya mwenzake.

Sasa, Ijumaa, saa moja jioni, mvua inanyesha, saluni imejaa wasimamizi wa bibi harusi. Akaingia Afande mstaafu, anatembea upande upande. Nikamkaribisha kiti, akakitazama kama adui.

"Musawo," yaani daktari, "hii kitu imenisumbua wiki mzima. Toa."

Hospitali ya jeshi iko hapa hapa mjini, lakini alisema hawezi kwenda kuwavulia suruali vijana aliowafundisha kwata. Nikampima sukari, iko sawa. Jipu lilikuwa kalio la kulia, limeiva. Nikamwambia elfu 60. Akanikumbusha kwamba hospitali za serikali hazitozi mtu tangu 2001. Nikamkumbusha vijana wa kwata. Akapanda kitandani.

Nikachoma ganzi pembeni. Madaktari wenzangu mnajua, ganzi na usaha hawapatani, kwa hiyo kazi inatakiwa iende haraka. Nikashika kisu. Nikapasua. Usaha ukaanza kutoka vizuri kabisa, nami nikabonyeza kwa vidole viwili, na hapo hapo giza.

Draya zote zilinyamaza kwa pamoja. Wanawake kule saluni, "Wuuuuu!" Kwangu, kimya.

"Musawo."

"Naam, Afande."

"Umemaliza?"

"Bado, Afande."

"Mkono yako iko wapi?"

"Uko... kwako, Afande."

Simu yangu ilikuwa saluni inachajiwa. Ya Sista ilipasuka kioo juzi, haina hata mwanga wa kuonea mlango. Taa ya sola? Ipo, kwenye orodha ya vitu vya kununua mwezi ujao. Afande akapapasa kwenye koti lake, akatoa katochi, ile simu ndogo ya vibonye yenye tochi, akapinda mkono nyuma na kujimulikia kalio mwenyewe. Jamani, mgonjwa ananishikia taa!

Kisha akauliza Yaka inanunuliwaje. Nikamwambia kwenye pesa za simu sina kitu. Akavuta pumzi ndefu. Namba ya mita Sista anaijua kwa moyo, akaitaja, Afande akaanza kubonyeza huku kalala kifudifudi.

"Musawo, geuza uso. Naweka namba ya siri."

"Afande, mimi huku natazama makalio tu."

Ujumbe ukaingia: tarakimu 20. Nikamwomba Sista apeleke simu saluni. Afande akasema simu yenye pesa zake haitoki mikononi mwake. Basi ikawa hivi: Afande anavuta katochi mbele, anasoma, mimi nabaki gizani vidole vikiwa kazini. Sista yuko mlangoni, anapokea na kupaza sauti. Vijana wa steji waliojibanza barazani wanapokea kwake, wanamrushia Mama Saluni. Afande akisema nne, Sista anasema nne, steji wanasema nane. Tokeni ikakataliwa.

Afande aliposikia hivyo, jeshi likamrudia. "Kikosi! Sikiliza! Nasoma nne nne!" Barazani wakaitika, "Ndiyo, Afande!" Na hapa nawaomba wenye kula muweke sahani pembeni. Mtu akipaza sauti ya gwaride, makalio yanakaza. Yakikaza, jipu linatema. "Tano!" Likatema. "Sifuri!" Likatema. "Tatu!" Hiyo ya tatu ilinipata kwenye miwani. Sikuweza kuipangusa kwa sababu glavu zilikuwa na hali mbaya kuliko miwani.

Tarakimu ya mwisho ikaingia. Umeme ukarudi. Sista alikuwa ameacha pazia wazi ili sauti ipite, kwa hiyo wote wakatuona: vijana wa boda, wasimamizi wenye rola kichwani, na nadhani bibi harusi mwenyewe. Mimi nimepiga magoti, miwani inachuruzika, mkono wangu mmoja uko pale mnapojua. Barazani wakapiga makofi. Afande, bila kugeuka, akawapigia saluti.

Yaliyofuata mnayajua. Nikasafisha, nikajaza gozi, nikafunga, nikamwandikia dawa, arudi kila siku kubadilishiwa. Alipofika kwenye kulipa akakata elfu 20 ya Yaka na elfu 10 ya kushika taa, akanipa elfu 30 na kudai risiti. Mama Saluni ameshatangaza kwamba aliyenunua ni mgonjwa wangu, kwa hiyo hiyo ilikuwa zamu yangu, ijayo pia ni yangu.

Mwenye taa ya sola ya bei nafuu anitafute leo, Afande anakuja kufungwa kidonda saa kumi na mbili. Asiwe wa ile steji.