Baa iko nyuma ya mlima

Kwetu mtu akitaka bia anakwenda baa. Anavuta kiti, mhudumu anakuja, anauliza "baridi au moto?", maisha yanaendelea. Waingereza wameona huo ni urahisi usiokuwa na heshima. Kwao bia lazima uipandie mlima, tena Desemba, tena kwenye tope, tena Jumapili, siku ambayo Mungu mwenyewe alipumzika.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekaa Sheffield miaka mingi na ugonjwa huo umemwingia. Ana buti ambazo bei yake mkewe hajaambiwa mpaka leo. Akanipigia simu: "Shemeji, jiandae, tunakwenda kunywa." Habari ya kutembea hakuitaja.

Treni kutoka Sheffield hadi Edale ni kama nusu saa. Kijijini kuna baa ya mawe, Old Nags Head, ina moto na viti. Nikajua tumefika. Kumbe mlangoni hapo ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 430 hivi mpaka Uskoti. Aliyeamua njia ianzie mlangoni mwa baa alikuwa mtu mwenye huruma: alijua kuna wenzangu na mimi tutakaoishia hapo. Lakini shemeji alikuwa anatazama saa. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na yeye alitaka "tuvuke kwenda Castleton kukiwa na mwanga". Baa ziko upande huu, baa ziko upande ule, katikati wameweka mlima.

Njia yenyewe inapita kwenye mashamba ya watu. Unafungua geti, unalifunga, unapita katikati ya kondoo, mwenye shamba anakuona na hasemi kitu, kwa sababu ni haki yako kisheria. Jirani na hapo, kwenye mlima wa Kinder Scout, mwaka 1932 mamia ya watu waliingia kwa nguvu kudai haki ya kutembea, na baadhi yao wakafungwa jela. Jamani! Watu wamelala gerezani ili mimi niruhusiwe kukanyaga kinyesi cha kondoo. Bibi yangu alitembea maisha yake yote na mtungi kichwani, hakuna aliyempa ramani wala kumpiga picha.

Tunapanda kwenda Hollins Cross, mahali pa kuvukia mlima, mimi nahema, mvua inapiga kwa ubavu, shemeji akaona ndio wakati wa historia. "Unajua, shemeji, zamani Edale hawakuwa na kanisa. Maiti walibebwa njia hii hii kwenda kuzikwa Castleton."

"Walibebwa?" nikamuuliza. "Basi wamenishinda."

Njiani kila tunayepishana naye anatusalimia. Hao hao ambao mjini mnakaa mlango kwa mlango na hata kikohozi chako hawakiitikii! Huku juu, pua imekuwa nyekundu, maji yanachuruzika shingoni, mtu anakwambia siku ni nzuri. Na kulia kwetu umesimama Mam Tor, mlima wenye tabia ya kumomonyoka. Ulikuwa na barabara ya magari ubavuni; ikabomoka, ikatengenezwa, ikabomoka, mpaka mwaka 1979 serikali ikainua mikono na kuifunga. Barabara imekimbia, sisi tunakwenda.

Castleton tukaingia baa ambayo jina lake naihifadhia. Moto upo, wa kuni, mzuri kweli. Mbele ya moto kalala mbwa. Wote wanamruka kwa adabu, wanamuuliza hali, na kaunta kuna biskuti zake kwenye bakuli, bure. Mimi nikapewa kiti cha karibu na mlango.

Bia sasa. Painti ni mililita 568, kwa wingi siwezi kuwalaumu. Lakini ile ya pipa wanaitoa chumba cha chini ikiwa na nyuzi joto kama 12. Si baridi, si moto. Ningekuwa na mhudumu wa kumrudishia ningemrudishia, ila huku unaifuata mwenyewe kaunta, unalipa papo hapo, na ukiwa na wenzako unawanunulia wote kwa zamu. Zamu yangu ikafika nikiwa bado natoa maji masikioni.

Nikaagiza chakula. Jiko limefungwa, nikaambiwa, kwa upole mkubwa. Pakiti ya krispi zenye siki ndiyo ikawa chakula cha mchana, huku mbwa akimalizia biskuti ya tatu.

"Haya, shemeji, stesheni iko wapi turudi?"

"Castleton haina stesheni. Tunatembea kidogo mpaka Hope."

Nje giza limeshika, na hata saa kumi na moja haijafika.

"Na huko Hope," akaongeza haraka, maana aliniona usoni, "kuna baa."

Nikamuuliza jiko lao linafungwa saa ngapi.