Nembo Inayogoma Kuingia Kwenye Muhuri

Kikundi cha ngoma au cha akina mama hapa Moshi kikipata ruzuku kidogo, suala la nembo huleta ubishi kikaoni. Upande mmoja husema hela ya dizaina ingelipa nauli ya vijana kwenda maonyesho Arusha. Wa pili husema kikundi kisicho na sura hakikumbukwi. Wa kwanza ndio hushinda mara nyingi, na hoja yao ina uzito: fedha za wafadhili kwa kawaida zimefungwa kwenye shughuli, na kijana mwenye programu ya bure kwenye simu anamaliza nembo jioni moja. Isitoshe, kitu alichochora mwanakikundi kina wenyewe. Baadhi ya madizaina huleta kazi safi, iliyonyooka, ambayo ingefaa benki kuliko wacheza ngoma.

Hata hivyo, hesabu hiyo inaishia siku nembo ilipochorwa, na gharama zenyewe zinaanza kesho yake.

Chukua nembo tuliyoizoea: Kilimanjaro na theluji yake, jua la machweo linalotoka njano kwenda nyekundu taratibu, mgunga, mikono imeshikana, na jina refu limezunguka duara. Kwenye simu inapendeza. Sasa ipeleke kwa mchonga mihuri. Muhuri una wino wa rangi moja, na upana wake ni sentimita chache tu. Theluji inapotea, mikono inakuwa doa, jina halisomeki. Na muhuri si pambo: barua kwa mtendaji wa kata, maombi ya kibali, risiti, karatasi za benki, kote unadaiwa.

Halafu zije fulana. Katika uchapaji wa skrini, ambapo wino hupenyezwa kwenye kitambaa cha wavu kilichokazwa kwenye fremu, kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo rangi tano ni fremu tano. Yale machweo yanayofifia taratibu inabidi yavunjwe kuwa nukta ndogondogo, kazi ambayo si kila fundi ataipokea. Atakushauri ubandike picha kwa pasi ya moto, ambayo baada ya kufuliwa mara kadhaa huanza kubanduka. Kampuni inayochapa fulana elfu moja haisikii gharama ya fremu, kwa sababu inagawanyika. Kikundi kinachochapa 30 kinaisikia kwenye kila fulana, na mwaka ujao kinaisikia tena kama fremu hazikutunzwa. Kwa hiyo anayeumizwa na nembo ya bure yenye rangi nyingi ni yule yule aliyeichagua kwa kukosa hela. Hili kwenye vikao halisemwi.

Dizaina anayejua kazi hulipwa kwa kupunguza. Analeta nembo ya rangi mbili, toleo lake la rangi moja, na faili la vekta linaloweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuharibika. Bila faili hilo, nembo inakaa kwenye simu ya katibu. Katibu akihama, kinachobaki ni picha ya WhatsApp iliyokwisha kukandamizwa, na kwenye bango la mita tatu inatoka na ukungu.

Na mlima? Sina ugomvi nao. Lakini upo tayari kwenye nembo ya taifa, chini ya miguu ya bwana na bibi, na upo kwenye maduka na magari ya utalii mji mzima. Unamwambia mtu mlipo, haumwambii mnafanya nini.

Lawama ya madizaina ni kuchora kabla ya kwenda mazoezini kuwaona watu wenyewe, na kuondoka bila kuandikiana nani anamiliki faili. Kamati ilipe nusu, kisha idai kuona nembo imegongwa kwa wino mweusi kwenye karatasi ndipo imalizie. Na kama hela haipo kabisa, mwanakikundi achore, ila aanze kwa kalamu moja nyeusi. Rangi atazitia baadaye.