Kibao cha "Usipige Picha" kiseme kinakataza nini

Kamera iliyopigwa mstari mwekundu imekuwa jawabu ya kila jambo. Msikiti wa kale una kibao hicho, gofu lina kibao hicho, na hata kwenye bustani ambako watu wamekwenda kupunga upepo hutokea mlinzi akamwamuru mtu ashushe simu bila ya maelezo yoyote. Kibao hakisemi ni picha ya nini, ya nani, saa ngapi, wala nani aulizwe. Mgeni akikiona hutazama kushoto na kulia, kisha akapiga kwa kuiba. Mwenyeji naye anajua wapo waliofunguliwa mlango baada ya kutoa chochote, basi hakiamini tena.

Sitaki makatazo haya yafutwe. Mengine nataka yakazwe zaidi. Ninachodai ni kwamba kila katazo lifuate sababu yake. Visiwani kwetu Zanzibar kinachohitaji sitara ni mtu, ibada yake, na haja aliyoipeleka kwa Mola wake. Ukuta wa chokaa hauna siri hiyo. Na katazo la heshima likishatiwa bei, heshima yake imekwisha.

Tuanze na Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, maana pale mambo yote yamekutana pamoja. Msikiti ule ukiutazama kwa nje utauona umeezekwa bati kama majengo mengine ya pwani. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi (hati ya kale ya Kiarabu) yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya Dhulkaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale ni katika yaliyo ya kale kabisa yenye tarehe katika mwambao wote wa Afrika Mashariki. Mashina ya herufi yamepanda juu na ncha zake zimefunguka kama majani, na vumbi la miaka limetulia katika mifereji iliyo kati ya herufi na herufi. Na msikiti haujawa makumbusho. Watu wanasali humo.

Sasa picha inadhuru nini hapo? Mwanga wenyewe hauliumi tumbawe. Vinavyoumizwa na mwanga ni karatasi, nguo, ngozi na rangi, ndiyo maana makumbusho huweka maandishi ya mkono na nguo za kale katika mwanga hafifu wa luksi 50 hivi. Jiwe linaumizwa na mengine. Linaumizwa na vidole vyenye jasho na mafuta, vinavyofuatisha herufi hadi kingo zake zinang'aa na kulainika. Linaumizwa na begi la mgongoni la mtu anayerudi kinyumenyume ili apate mihrabu nzima ndani ya fremu. Baya kuliko yote ni ile tabia ya kulowesha maandishi maji au kuyapaka chaki ili yasomeke vizuri kwenye picha. Maji yanaingia ndani ya jiwe, yanayeyusha chumvi iliyomo, na jiwe likikauka chumvi inarudi kuwa chembe ngumu chini kidogo ya uso. Chembe hizo zinasukuma, na uso wa jiwe unabanduka vipande vyembamba. Herufi iliyokaa miaka mia tisa inaondoka na gamba.

Kwa hivyo kibao chenye kamera iliyofutwa hakimkatazi yule mwenye chupa ya maji mkononi. Kinamkataza yule aliyesimama mbali, mikono nyuma, na simu yake.

Flashi ikatazwe, naam, lakini kwa sababu zake za kweli. Ya kwanza ni kwamba inamkatisha anayesoma Qur'ani au aliyejilaza akingoja swala. Ya pili mpiga picha mwenyewe atashukuru: flashi inapiga uso kwa uso, inaua vivuli, na mchongo bila ya kivuli ni ukuta mtupu. Maandishi ya kuchonga yanataka mwanga wa ubavuni. Zima flashi, subiri mwanga unaoingia mlangoni au dirishani upite ukutani kwa mshazari, au, ukiruhusiwa, mwenzako ashike tochi karibu na usawa wa ukuta, pembe ya digrii 15 hivi, mita moja au mbili kutoka kwenye herufi. Kila mfereji utajaa kivuli na maandishi yatasimama yenyewe. Stendi ya miguu mitatu haina haja, na ncha zake zinakwaruza sakafu ya chokaa. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600, kasi ya 1/60 ya sekunde, pumzi ukiishusha ndipo ubonyeze. Simu nyingi za leo zinafanya hivyo kwa mpangilio wa usiku, mradi mkono utulie sekunde mbili tatu. Usiegemee ukuta.

Wakati mzuri ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, kwa sababu baina ya kuchomoza jua na Adhuhuri ndipo pana nafasi ndefu isiyo na swala ya jamaa. Ijumaa usiende kwa picha. Ramadhani pia acha, kwa kuwa watu hushinda msikitini. Mwenye kuulizwa ni imamu au mwenye ufunguo, na hodi inabishwa kabla simu haijatoka mfukoni. Viatu vinavuliwa, mwili unasitiriwa. Aliyemo ndani akisema hataki awemo pichani, hana deni la kueleza kwa nini. Wako wanaojizuia na picha za watu kwa msimamo wa dini, na msikiti ni wao kabla haujawa urithi wa yeyote mwingine.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Sadaka ya msikiti ni jambo jema, na sanduku liwekwe mlangoni kila mtu atie kwa hiari, apige asipige. Lakini kusema "picha haramu" kisha kusema "toa elfu kumi upige" ni kuuza kitu ambacho muuzaji hakimiliki. Likitokea hilo mara moja, imamu anayekataza kwa nia safi kesho yake hatasadikiwa. Mgeni atadhani anapandishiwa bei, na mapapasi wa nje, wale wanaowaandama wageni kutafuta chochote, watamsaidia kudhani hivyo.

Makatazo yenye mizizi ya biashara huwa na maisha marefu kuliko sababu zake. Katika Kanisa la Sistina huko Vatikani, ukarabati wa michoro ulioanza mwaka 1980 uligharamiwa na Nippon Television ya Japani, ikapewa haki ya pekee ya picha kwa muda maalumu. Muda ule ulikwisha katika miaka ya 1990, na katazo limebaki. Kinyume chake ni Uluru kule Australia. Waanangu, wenyewe wa mwamba ule, hawakukataza mwamba mzima. Wameonyesha sehemu fulani fulani ambazo kwa mila yao hazifai kuonekana na kila mtu, na vibao vimewekwa hapo hapo kwenye njia. Mtu anajua anapoanza kushusha kamera na anapoweza kuinyanyua tena. Hilo ndilo ninalolitaka kwetu.

Tunazo sehemu zinazostahiki katazo kamili, bila ya saa wala idhini. Mapango ya mizimu ni hayo. Watu wa Pemba husimulia kuhusu kisiwa cha Misali kwamba Nabii Khidri alitaka mswala, hakupewa, akasema kisiwa chenyewe kilivyoelekea kibla kitakuwa mswala wake. Kisiwa hicho kimo ndani ya hifadhi, kina watalii wa kuzamia na kina wavuvi, na kina pia watu wanaokwenda na haja zao. Unapokuta pangoni chetezo, chupa ya marashi, kitambaa kilichofungwa, unakuta maradhi ya mtu, au mtoto aliyekosekana, au ndoa iliyokwama. Picha ya kitambaa kile inaonekana haina mtu ndani, lakini mtu yumo. Katika kijiji cha nyumba mia, wanaojua nani alikwenda na kitambaa cha rangi gani si wachache. Hapo hakuna mwanga wa ubavuni wala tochi. Simu ibaki mfukoni, na mwongozaji aliseme hilo kabla boti haijatia nanga, kwani akilisema mlangoni mwa pango atakuwa amechelewa.

Hata picha ya nje ya mahali kama hapo ina kitu kinachosahaulika. Simu huandika ndani ya faili mahali ilipopigiwa, kwa usahihi wa mita chache. Mitandao mingine inaondoa taarifa hiyo, lakini ukituma faili lenyewe kama waraka au kwa barua pepe inakwenda nayo. Fungua mipangilio ya kamera, zima mahali, kabla ya kutoka nyumbani. Hilo linahusu na magofu yasiyo na mlinzi. Mtambwe Mkuu, huko Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 mwaka 1984, na hakuna haja ya kumpa ramani kila mwenye jembe.

Bustani ni habari nyingine kabisa. Forodhani ya Mji Mkongwe, tangu ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture, ni sebule ya mji. Mandhari ya bahari, miti, kuta na taa za jioni hayana mwenyewe wa kuyakataza, na sioni hoja yoyote ya kumzuia mwananchi kumpiga picha mwanawe mbele ya mizinga. Kinachotaka mipaka ni ukaribu. Muuza mishkaki akiwa sehemu ya umati hana tatizo. Ukimsogezea lenzi usoni huku moshi unamtoa machozi, muulize kwanza, na kununua mishkaki miwili si idhini. Watoto wanaojirusha baharini wapigwe kwa mbali au kwa mgongo, pasi na sura, isipokuwa mzazi yupo na amekubali. Wanawake waliokaa kwenye majani na watoto wao wamekaa kama walivyokaa barazani kwao.

Kazi ya biashara ina njia yake. Filamu na tangazo vinahitaji kibali, na BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar, ndiko pa kuanzia. Droni nayo hairushwi bila ya kibali. Majengo ya ulinzi na ya serikali yenye katazo la kisheria yaachwe, hilo halina mjadala. Lakini mlinzi wa bustani asipime kwa ukubwa wa kamera. Mtu mwenye lenzi ndefu anaweza kuwa mwanafunzi, na mwenye simu anaweza kuwa anarekodi tangazo la hoteli. Apime kwa haya: njia imezibwa? Kuna taa na stendi? Kuna watu waliolipwa kusimama? Hakuna hata moja, basi amwache. Na kamwe asishike simu ya mtu kuifuta picha kwa mkono wake.

Nasisitiza hili kwa sababu Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, iko pale pale mbele ya bustani. Ilijengwa mwaka 1883, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Nguzo na roshani zikishaanguka, kila picha inayoonyesha wapi kila kitu kilisimama ni msaada kwa fundi, hata ile iliyopigwa kwa ajili ya bibi harusi aliyesimama mbele. Mji unaokataza picha za kuta zake unajinyima ushahidi.

Kibao kizuri basi kiandikwe hivi, kwa Kiswahili juu na lugha nyingine chini: "Huu ni msikiti unaosaliwa. Ukuta na mihrabu vinapigwa picha nje ya nyakati za swala kwa idhini ya imamu. Watu wasipigwe. Usiguse wala usiloweshe maandishi. Flashi na stendi haviruhusiwi." Kiwekwe panapovuliwa viatu, usawa wa macho, herufi zisipungue sentimita moja na nusu kwa mtu aliye mita tatu. Na tafadhali kisigongomewe ukutani. Msumari wa chuma kwenye hewa ya bahari unashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na tumbawe linapasuka kuzunguka tundu. Kisimamio cha mbao chenye miguu kinatosha. Penye misumari ya zamani, ing'olewe na fundi ajuaye, tundu lizibwe kwa chokaa, isiwe saruji.

Aliyeruhusiwa naye ana wajibu baada ya kutoka. Kwa maandishi na michongo, apige angalau fremu moja yenye rula ya sentimita kumi iliyoshikwa kando bila ya kugusa jiwe, na mfululizo wa picha ambazo kila moja inaingiliana na iliyotangulia kwa thuluthi mbili, ili ziweze kuunganishwa baadaye kuwa umbo kamili. Faili lipewe jina la mahali, upande wa ukuta na tarehe. Nakala moja kamili, isiyopunguzwa, iende kwa kamati ya msikiti, na nyingine Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.