Kugeuza Faili za Picha na Hatima ya Faili Asilia

Watunzaji wa kazi za michoro hawakubaliani juu ya jambo moja: je, faili iliyohifadhiwa katika fomati ya programu maalumu, kama vile PSD ya Photoshop au XCF ya GIMP, igeuzwe mapema kuwa fomati inayosomeka kila mahali na ile asilia ifutwe, au iachwe kama ilivyo?

Wanaotaka igeuzwe wana hoja nzito. Fomati iliyofungamana na programu moja hutegemea uhai wa programu hiyo. Ikiachwa bila kuendelezwa, mchoro hubaki diskini bila wa kuufungua. PNG, iliyotolewa mwaka 1996 huku maelezo yake yakiwa wazi kwa yeyote, husomwa na karibu kila programu ya picha.

Hata hivyo, kugeuza si kunakili. PSD ikigeuzwa kuwa PNG, matabaka yake, yaani sehemu za mchoro zilizopangwa moja juu ya nyingine, huunganishwa kuwa moja, na maandishi yaliyoweza kuhaririwa huwa pikseli tupu. Hasara ya rangi ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa haionekani kwenye skrini. PNG haina nafasi ya CMYK, yaani wino nne za uchapaji, hivyo picha hulazimika kwenda RGB, yaani rangi tatu za skrini: nyekundu, kijani na buluu. Ikirudishwa CMYK, maandishi yaliyopangwa yachapwe kwa wino mweusi pekee kwa kawaida hurudi yakiwa mchanganyiko wa wino zote, na kingo zake zinaweza kufifia karatasini. Vivyo hivyo kwa OpenEXR, fomati ya picha ambayo kampuni ya athari za filamu ya Industrial Light & Magic iliifungua kwa umma mwaka 2003: inahifadhi mwangaza unaozidi weupe wa skrini, lakini JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, hivyo jua na karatasi nyeupe huweza kuwa weupe uleule.

Wapo wanaojibu kwamba TIFF, fomati nyingine ya picha, inamaliza mjadala, kwa sababu inabeba CMYK na biti 16 kwa kila rangi. Ni kweli kwa rangi. Lakini matabaka ambayo Photoshop huyaweka ndani ya TIFF ni nyongeza yake yenyewe, na programu nyingine nyingi huyapuuza, kwa hiyo utegemezi uliokimbiwa unarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa maoni yangu, wanaogeuza wako sahihi na wanaofuta wanakosea. Nafasi ya diski ni gharama halisi kwa mwenye maelfu ya faili, ila nakala iliyogeuzwa ni ya kutazamwa na kusambazwa, ilhali uamuzi wa mchoraji umebaki katika faili asilia. Ninakubali kufuta pale tu ambapo fomati ya zamani haikuwa na cha kupoteza: BMP ya biti 24, isiyo na tabaka wala uwazi, ikigeuzwa kuwa PNG huhifadhi thamani ya kila pikseli ilivyokuwa, tena kwa kawaida katika faili ndogo zaidi.