Chetezo cha Shangazi

Katika maduka ya mitumba ya hapa Columbus, Ohio, vyombo vya migahawa ya tiki, yaani ile ya Kimarekani inayoiga mandhari ya visiwa vya Pasifiki, huwekwa rafu moja na vinara vya Krismasi, kwa kuwa wauzaji hawajui pa kuviweka. Mimi huvisaka kwa sababu mji huu ulikuwa na Kahiki, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1961 katika jengo lenye umbo la mtumbwi wa vita, ambao mlangoni pake zilisimama sanamu mbili za kuiga zile za Kisiwa cha Pasaka, zikiwaka moto utosini, mpaka ulipobomolewa mwaka 2000.

Kati ya vyombo nilivyookota, ninachokipenda zaidi ni bakuli la volkano. Ni la kauri nzito, lina kilima katikati na shimo kileleni. Pombe kali ya ramu hutiwa shimoni ikawashwa moto, huku wanywaji wakivuta kilichomo chini kwa mirija mirefu. Ubavuni wamechorwa wanawake wanaocheza, na nguo zao, tuseme ukweli, ni nyasi tu.

Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Mombasa kusimamia posa ya binti yake, alilikuta kabatini nikiwa kazini. Shimo la kaa, nafasi ya majivu: angetaka chetezo gani tena? Wale wachezaji aliwafunga leso. Niliporudi, wazee wa upande wa pili walikuwa wameshaketi, ustadh mmoja akiwa mbele yao, na udi umetanda mpaka ukumbini. Kumweleza shangazi asili ya chombo mbele ya wakwe watarajiwa kungekuwa kuivunja posa kwa mkono wangu, kwa hiyo nikanyamaza.

King'ora cha moshi hakikunyamaza. Shangazi aliinyakua leso ili akipepee, na wale wanawake wakabaki hadharani, wakiwatazama wazee. Hapo ndipo jirani yangu, mzee wa Kimarekani, alipoingia kuuliza kama nyumba inaungua, akaliona bakuli, akasahau moto. Alisimulia kwa furaha jinsi bakuli la aina hiyo lilivyoletwa mezani Kahiki baada ya kupigwa gongo, na jinsi yeye na wenzake watatu walivyolimaliza. Wazee wote walikuwa wameishi Marekani miaka mingi. Hakuna aliyehitaji mkalimani isipokuwa shangazi, na ustadh alimfanyia kazi hiyo bila kuruka neno.

Posa ilipita, kwa kuwa bwana harusi alikuwa amecheka mpaka akakosa pumzi. Shangazi alilichukua bakuli jikoni, akaliosha mara saba, moja kwa udongo wa kwenye chungu cha maua. Ustadh akamwambia kwa upole kwamba kanuni hiyo ni ya chombo kilicholambwa na mbwa.

"Watu wanne, midomo yao ndani ya bakuli moja," shangazi akamjibu bila kugeuka. "Wewe, ustadh, waona tofauti iko wapi?"