Kikapu Kilichotoka Utumbo Siku ya Posa

Mwalimu ni mstaafu wa hisabati. Lishike hilo, litahitajika mbele.

Uani kwake, Tanga mjini, ndipo tunapokutana Jumamosi jioni, kila mmoja na alichokikata wiki hiyo kwa mashine ya nakshi, msumeno wa mezani wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka: vishikizo vya funguo, majina ya watoto, rafu za kona, wanyama wa kupanga vipande. Kazi inapitishwa mkono kwa mkono, na hakuna anayesifu kabla hajaigeuza, maana upande wa chini ndiko meno ya bledi yanakotokea na ndiko mbao inakochanika. Ukiwa na roho nyepesi usije.

Katika vyote, kinachokusanya majirani mlangoni ni kikapu cha ubao mmoja. Unaona ubao bapa umelala mezani. Unashika mkono wake, unanyanyua, na katikati inazama pete kwa pete mpaka ubao umekuwa bakuli. Watoto wanapiga kelele, watu wazima wanauliza bei.

Ufundi wake ni huu. Ubao uwe mtiki mkavu, sentimita 25 kwa 30, unene milimita 18. Meza ya mashine ikiwa pembe mraba na bledi, unakata kwanza ukingo wa nje wa milimita 12, ambao unaugawa uwe mkono upande mmoja na mguu upande wa pili. Ndipo unailaza meza digrii 5. Unaacha mdomo wa milimita 20 bila kuugusa, unatoboa tundu la milimita 1.5, nalo tundu liinamishwe digrii hizohizo, la sivyo bledi itajipinda kabla hujaanza. Unapitisha bledi namba 7 na kukata mstari mmoja unaojizungusha kuelekea katikati, mizunguko 10, nafasi ya milimita 8 kati ya mstari na mstari. Katikati unabakiza kitako. Mstari huo huungi mduara hata mara moja, ndiyo maana bakuli zima linabaki kipande kimoja.

Kinachokizuia kisianguke ni ule mlalo tu. Kuta zimelala, juu pana chini pembamba, kwa hiyo pete ya ndani ikishuka kidogo inabanwa na pete ya nje. Inashuka kiasi gani? Chukua upana wa njia ya bledi, gawanya kwa tanjenti ya mlalo, yaani kimo cha mteremko ukikigawanya kwa kitako chake. Namba 7 inaacha njia ya nusu milimita hivi. Kwa digrii 5, kila pete inashuka milimita 5.7, pete 10 zinakupa kina cha milimita 57. Bakuli la heshima, si la kutisha.

Watu wanaharibu katika mengi, na uani pale tumeona karibu yote. Dereva mmoja wa lori bledi ilimkatikia mzunguko wa tano. Badala ya kuirudisha palepale ilipokatikia, akatoboa tundu jipya katikati na kukata kwenda nje, zikutane. Sasa, meza ikiwa imeshushwa upande wa kushoto, katikati ya kikapu lazima ikae kushoto kwa bledi mwanzo hadi mwisho. Yeye kwa kuanzia ndani alikuwa ameiweka kulia, na mlalo ukageuka. Tuliponyanyua, pete za nje zilishuka vizuri, za ndani zikapanda juu. Kila ukizisukuma chini zinarudi. Alikataa kukitupa, kiko sebuleni kwake na wageni wanaambiwa ni cha kuwekea yai moja.

Kijana wa gereji naye alifunga mkono kwenye mdomo kwa skrubu za milimita 50 kwa kuwa ndizo zilizokuwa mfukoni. Mkono una milimita 12, mdomo una 20, jumla 32. Skrubu isizidi 30. Zake zilipita mdomo zikaingia pete ya kwanza na ya pili pande zote mbili. Kikapu kikagoma kushuka. Tulikivuta watu wawili.

Cha Mwalimu hakikuwa na aibu ya namna hiyo. Kilitoka siku ya kwanza kikiwa na kina kuliko vyetu vyote, zaidi ya sentimita 14. Kimewekwa mezani, mguu umesimama, kitako kimegusa meza, pete zimejipanga. Tukakigeuza: hakuna mchaniko, kwa sababu alitumia bledi yenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kutazama juu. Tukanyamaza. Mimi nilitaka kuuliza kina hicho kimetoka wapi, lakini mwenye kikapu ndiye mwenye mashine, mwenye uani na mwenye chai.

Kisha akakivuta chote wazi, akasugua kuta zote kwa msasa namba 220, pande zote mbili za kila pete, mpaka zikateleza mkononi. Akapaka mafuta. Akatangaza kwamba hicho ndicho kitakachobeba machungwa kwenye posa ya mpwa wake, huko Muheza.

Mtu wa Tanga ameshacheka hapo. Muheza ndiko machungwa yanakotoka. Na mtiki wenyewe ulikuwa wa Longuza, ambako nako ni Muheza. Tulikuwa tunakwenda kuomba binti kwa kuwarudishia watu mali yao.

Tulikwenda wanne: mshenga, Mwalimu, baba mdogo wa kijana, na mimi niliyekabidhiwa kikapu, kwa kuwa nilijulikana sina tabia ya kuchezea vitu vya watu. Kilisafiri kimefungwa kwenye khanga mpya, kikiwa bapa. Machungwa 12 yalikuwa kwenye mfuko wa plastiki uleule wa sokoni.

Tukakaribishwa, tukavua viatu, tukakaa mkekani. Bibi mzaa baba wa binti alikuwa juu ya kiti kifupi, mlangoni, mahali ambapo lazima umpitie ukiingia na umpitie ukitoka. Mshenga akaanza maneno yake mazuri ya tumeona ua bustanini. Bibi akamkatiza.

"Hayo machungwa mmeyatoa wapi?"

"Sokoni Tanga, Bibi."

"Na sokoni Tanga yametoka wapi?"

Mshenga yule analipwa kwa kazi yake, na siku hiyo alistahili. "Yalikwenda mjini kutembea, Bibi. Yamerudi nyumbani, na yamekuja na wageni."

Bibi akacheka kidogo. Mambo yakalainika. Mwalimu akaona ndiyo nafasi. Akanikonyeza, nikafungua khanga, nikaweka ubao mkekani. Akaugeuza mguu, akanyanyua mkono, na ubao ukazama pete kwa pete mbele ya macho yao. Wanawake waliokuwa jikoni wakatoka. Mtoto akasema tena, tena. Mwalimu akarudia, halafu akayapanga machungwa ndani, moja moja, yote 12. Kilo mbili na ushee. Kikapu kikakaa.

Naomba uangalie hapo. Kilikaa kwa sababu kitako chake kilikuwa kimelala mkekani. Mguu wa kikapu kile ukiusimamisha una sentimita 15. Kina pamoja na nusu ya unene wa ubao kilizidi hapo kidogo. Tangu kizaliwe, kikapu hicho kilikuwa kinabebwa na meza, na sasa na mkeka. Kikinyanyuliwa kitupu, kilishikwa na pete kuparuzana tu. Mzigo hakijawahi kuujua.

Mshenga akakishika mkono, akasimama, akapiga hatua kuelekea kwa Bibi.

Hakikukatika. Kingekatika ingekuwa afadhali, lingekuwa jambo la sekunde moja. Kitako kilishuka polepole, kwa adabu, pete ya mwisho ikaiachia ya nyuma yake, nayo ikaiachia nyingine, trr, trr, trr, mpaka mshenga amesimama na mkono juu kifuani na kitako kiko magotini. Machungwa yakatoka kwenye mianya kwa zamu. La kwanza likampita Bibi miguuni, likavuka kizingiti, likashuka uani. La pili likalifuata. Mshenga, badala ya kukiweka chini, akazidi kukinyanyua, na kila akinyanyua mianya inapanuka.

"Jamani!" Bibi akapaza sauti. "Kikapu chenu kinatoka utumbo!"

Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Baba mdogo alikuwa nje anakimbizana na machungwa pamoja na watoto. Mbuzi alipata mawili. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, ameshika pete mbili kati ya vidole, anazipitisha moja ndani ya nyingine, juu, chini, juu, chini. Zilikuwa zinapita bila kugusana. Nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Tanjenti."

Posa ilikubaliwa. Watu wakishacheka pamoja kiasi kile ni vigumu kufukuzana. Lakini upande wa binti una haki ya faini, na faini ikaandikwa kwenye barua ya majibu, kwa mwandiko safi: vikapu viwili, kimoja cha matunda na kimoja cha mayai, *visivyoshuka*, viletwe kabla ya mahari. Kile cha kwanza Bibi hakukirudisha. Kikiwa bapa, alisema, ni kizuri kwa kukalishia sufuria.

Jumamosi iliyofuata tukaipima mashine. Skwea, kile kipimo cha pembe mraba, kwenye meza, bledi ikaegemea sawasawa: meza imesimama barabara. Tukatazama mshale wa kipimo cha digrii chini ya meza. Ulikuwa unasoma 3. Mshale ule unashikwa na skrubu moja ndogo, na mashine inayopiga mamia ya mapigo kwa dakika huilegeza taratibu bila kumwambia mtu. Kwa hiyo Mwalimu alipolaza meza mpaka mshale ukasoma 5, mlalo wa kweli ulikuwa digrii 2.

Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe nyuma ya bahasha ya posa, nasi tumemzunguka. Njia ya nusu milimita, digrii 2: kila pete inashuka milimita 14.3. Ubao una 18. Zinabaki milimita 3.7 tu za pete kushikana na pete. Hapo ndipo kina kile cha sentimita 14 kilipotoka. Halafu msasa. Akikwangua sehemu moja ya kumi ya milimita kila ukuta, njia inakuwa 0.7, na pete inataka kushuka milimita 20 katika ubao wa 18. Pete inatoka upande wa pili. Akapiga mstari chini ya 20 mara mbili, akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliokosa mtihani.

Mshale ule sasa hatuuamini, ni wa kupotezea muda. Tunakata pembetatu ya kadibodi ngumu yenye kona moja ya mraba: kitako milimita 100, kimo milimita 8.7, hiyo ni digrii 5. Unaiweka juu ya meza, unasimamisha skwea juu ya mteremko wake, unalaza meza mpaka bledi ilingane na skwea, unakaza. Kisha unajaribu kwenye kipande cha taka chenye unene uleule: kata duara moja la sentimita 6, katikati ikiwa kushoto kwa bledi, lisukume kwa kidole gumba. Likizama milimita 5 au 6 na kugoma, endelea. Likizama zaidi ya nusu ya unene wa ubao, ongeza mlalo. Lisipozama kabisa, punguza.

Mtiki una mchanga wake ndani, silika, unaokula meno. Bledi ikianza kukulazimisha usukume, itoe, hata kama haijakatika. Bledi butu hujipinda, na ukuta uliokatwa na bledi iliyojipinda una tumbo katikati, pete zinashikana kwenye tumbo tu. Kwa vikapu vya faini tulitumia bledi tatu kwa kila kimoja. Ikikatika katikati ya mstari, rudi kupitia njia ileile uliyokuja nayo. Msasa uliruhusiwa juu na chini ya ubao tu. Mwalimu alinyang'anywa kipande namba 220 mara kadhaa. Mafuta yakapakwa kikapu kikiwa wazi, yakaachwa yakauke vizuri kabla ya kukifunga, maana kikifungwa kibichi kinagandana.

Na safari hii tulivipakia kwetu, vikiwa vimening'inizwa kwenye msumari: pakiti mbili za unga wa kilo mbili, usiku kucha. Asubuhi kina kilikuwa milimita 58. Hakuna aliyesema kitu kuhusu hiyo milimita moja ya ziada.

Bibi alivipokea akiwa kwenye kiti kilekile. Hakutaka kuonyeshwa vinavyoshuka, alishaona vya kutosha. Akaagiza aletewe pasi ya mkaa, ile ya chuma yenye jogoo kifuani, akaiweka mwenyewe ndani ya cha kwanza, akamwamuru mshenga akinyanyue na akae hivyohivyo. Mshenga akasimama mkono umenyooka, jasho linamtoka, Bibi anatazama kitako, sote tunatazama kitako. Chai ikaletwa. Ikanywewa.

"Haya, shusha," Bibi akasema mwishowe. "Leteni cha mayai."

Mwalimu akamuuliza kwa unyenyekevu kama nacho atakijaribu kwa pasi.

"Kwa mayai," akasema Bibi. "Trei moja. Na ni yenu, nendeni mkanunue."